Bei ni ya Udongo

Wapenda majengo wana picha yao tamu: kanisa kuukuu la Ulaya linauzwa, linakarabatiwa, linakuwa kitu kingine. Mjini Maastricht, Uholanzi, kanisa la Wadominiko la karne ya 13 leo ni duka la vitabu, ngazi na rafu zikipanda kuelekea dari. Nimezitazama picha zake mara nyingi na sikatai, zinavutia. Shida yangu ni pale tunapozibeba hadi Eastlands kama kipimo cha ukarabati mzuri.

Mwaka huu nimezunguka kuona makanisa matatu yanayouzwa, Umoja, Kayole na Dandora. Ndani nilijaribu kuota. Hili lina madirisha upande wa mashariki, lingefaa maktaba ya watoto. Lile lina jukwaa la simiti, kundi la maigizo lingeanza mazoezi kesho. Broka wa Umoja alinikatiza: "Hiyo kanisa isikushtue, bosi. Mabati ni za washirika, watang'oa wakienda. We cheki ploti tu. Hapa fleti inaingia hadi floor ya saba."

Maneno yake ni uhakiki tosha. Ndoto ya ukarabati hudhani mambo mawili. Kwanza, kwamba jengo lina thamani kuliko ardhi iliyolibeba. Umoja, bei ni ya udongo. Pili, kwamba waumini wameshaondoka. Ulaya makanisa mengi huuzwa kwa sababu viti vimebaki vitupu. Huku viti vimejaa, na wenyewe wanatafuta pa kuvipeleka, pengine orofa ya pili juu ya duka la hadiwea. Mimi nikipanga rafu zangu za kufikirika, nimeshawafukuza watu ambao Jumapili wataimba pale pale.

Tena Nairobi safari imekuwa kinyume: sinema na kumbi ndizo zilizogeuka kuwa makanisa. Tunachokosa mtaani ni paa la umma, mahali unapokaa bila kununua chai wala kutoa sadaka.

Ndiyo maana kwangu mfano bora uko Kaloleni, estate iliyojengwa miaka ya 1940 kwa wafanyakazi Waafrika, ikiwa na ukumbi na maktaba yake. Book Bunk, iliyoanzishwa mwaka 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, imekarabati maktaba ya Kaloleni na ile ya Makadara. Zote ni matawi ya McMillan, maktaba iliyofunguliwa mwaka 1931 na kuwafungia Waafrika mlango hadi 1958. Sifa ya kazi hii ni unyenyekevu wake: maktaba imerudishwa kuwa maktaba. Haikugeuzwa mkahawa, haikusubiri mnunuzi. Ni mali ya umma, kwa hivyo broka hana pa kuanzia bei.

Lakini hata hilo si kinga. Estate ya zamani ya Pangani ilishabomolewa, maghorofa yakainuka. Rangi mpya haizuii tingatinga. Kwa hivyo tukisifu ukarabati, tusiishie kwenye dari na madirisha. Tuulize hatimiliki iko kwa nani, na mtoto wa Kaloleni Jumatatu jioni ataingia bila kuulizwa chochote?