Na Wewe Unaendeleaje?

Kiswahili kina kitenzi kinachoweza kumtatiza mgeni: kuuguza. Kimetokana na kuugua, na kwa umbo ni kauli ya kutendesha, kama lala na laza, au lia na liza. Mgeni anayefuata sarufi peke yake atadhani kumuuguza mtu ni kumfanya augue. Sisi tunajua kwamba ni kukesha naye, kumwogesha, kumbembeleza anywe dawa. Mtu asipoonekana kazini, inatosha kusema "anauguza", na hakuna anayeuliza zaidi.

Nimekuwa nikikifikiria kitenzi hiki nikisoma vitabu viwili vya waandishi wa habari wa Marekani kuhusu familia zinazoishi na skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti wasizozisikia wengine, ashikilie imani ambazo hakuna awezaye kumtoa, au ajifungie mbali na watu. Kitabu kimoja kina mama aliyelaumiwa. Kingine kina mama anayesifiwa. Hoja yangu ni kwamba lawama na sifa zimemfanyia mama jambo lile lile.

Cha kwanza ni Hidden Valley Road cha Robert Kolker, kilichotoka mwaka 2020. Kinasimulia familia ya Galvin ya Colorado: baba Don, mama Mimi, na watoto 12. Wavulana walikuwa 10, na 6 kati yao waligunduliwa kuwa na skizofrenia. Watoto hao walikua katika miaka ambayo wataalamu wengi wa Marekani walimtazama mama kama chanzo cha ugonjwa. Mwaka 1948 daktari Frieda Fromm-Reichmann alikuwa ameandika juu ya mama ambaye malezi yake humzalisha mwana mwenye skizofrenia, na wazo hilo likaenea. Kwa maneno mengine, walikisoma kitenzi chetu kama anavyokisoma mgeni: mama anauguza, kwa hiyo mama ndiye anayetia ugonjwa.

Kolker anamrudishia Mimi haki yake bila kumfanya malaika. Anamwonesha akiwa mkali, mwenye kupenda sifa ya familia, mwenye kuficha mambo, na bado akiwa ndiye anayefungua mlango kila mwana anaporudishwa kutoka hospitali. Nguvu ya kitabu, kwangu, iko pia kwa binti wa mwisho, Lindsay, ambaye aliumizwa utotoni na mmoja wa kaka zake na ukubwani akabeba jukumu la kuwaangalia kaka wagonjwa. Kolker hatulazimishi kuchagua kati ya jeraha lake na huruma yake. Vyote viwili vinakaa ndani ya mtu mmoja, kama vinavyokaa ndani ya wauguzaji wengi.

Kitabu cha pili ni Crazy Like Us cha Ethan Watters, cha mwaka 2010. Sura yake moja inatuleta Zanzibar, kwa kufuata utafiti wa mwanaanthropolojia Juli McGruder, aliyeishi na kusoma familia za Unguja zenye wagonjwa wa skizofrenia. Kuna nyumba ambamo binti na baba yake wote wanaumwa. Siku binti akiwa na nafuu, anafanya kazi za nyumbani na wenzake. Siku akizidiwa, anajitenga, na hakuna anayetoa hotuba kuhusu jambo hilo. Ugonjwa unaelezwa kwa lugha ya pepo na ya mitihani ya Mwenyezi Mungu. Kuna kombe la zafarani, kuna dua. McGruder, kama Watters anavyomweleza, hadai kwamba mambo haya yanaponya. Anadai kwamba yanamzuia mtu asigeuzwe kuwa ugonjwa wake: kilichomjia kinaweza kuondoka, naye akabaki kuwa binti wa nyumba.

Ni sura nzuri, na mara ya kwanza niliisoma kwa fahari. Nani asingependa kuambiwa kwamba nyumba za kwao zina jambo la kuwafundisha madaktari wa Boston? Lakini nilipoirudia nikamtafuta mama wa nyumba ile. Yupo, na imani na subira yake vimepewa nafasi kubwa. Hata hivyo, subira yake inasomwa kama dawa ya wengine. Tunaoneshwa kwamba utulivu wake ni mzuri kwa binti. Swali la utulivu huo unamgharimu nini yeye halikai mbele yetu muda wa kutosha.

Ili kuelewa kwa nini, lazima tugeukie kipimo kilicho nyuma ya sura hiyo. Kuanzia miaka ya 1950, mwanasosholojia George Brown na wenzake mjini London walifuatilia wagonjwa walioruhusiwa kutoka hospitalini, wakaona kwamba nyumba wanayorudi ina uzito katika kuzidiwa kwao tena. Mtafiti humhoji ndugu wa mgonjwa, hurekodi mazungumzo, kisha huhesabu kauli za kulaumu na kupima uhasama na kujiingiza kupita kiasi katika maisha ya mgonjwa. Hata sauti ya msemaji hupimwa. Mwaka 1976 Christine Vaughn na Julian Leff walionesha kwamba hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa wagonjwa wa nyumba zenye joto hilo la hisia waliokaa uso kwa uso na ndugu zao zaidi ya saa 35 kwa wiki.

Utafiti huu umewafaa wagonjwa wengi, na watafiti wake hawakusema kwamba familia ndiyo inayoleta skizofrenia. Lakini mtazame mama aliyeketi mbele ya kinasa sauti. Akisema "nimechoka naye", ameongeza alama. Akinyamaza, amefaulu. Kipimo kinajua kuhesabu lawama. Hakijui kutofautisha kimya cha moyo uliotulia na kimya cha mtu asiye na wa kumwambia. Wahenga walikwisha kusema: kimya kingi kina mshindo mkuu.

Hili silisemi kwa nadharia tu. Mama yangu alimuuguza mdogo wake kwa miaka tisa. Kliniki waliuliza maswali ya haki: analala, anakula, amepata sindano yake ya mwezi? Majirani waliuliza, "Mgonjwa anaendeleaje?" naye akajibu, "Tunamshukuru Mungu." Mtafiti angekuja, angempa mama alama nzuri sana. Mimi, niliyelala chumba cha pili, nilimsikia akihesabu fedha za nauli saa nane usiku, akianza upya kila alipokosea. Katika miaka hiyo yote sikusikia mtu akiongeza maneno matatu: na wewe unaendeleaje?

Kwa hiyo jambo lililonivutia zaidi katika historia ya kipimo hiki ni lile ambalo wanaosifu familia za kwetu hulitaja kwa nadra. Mwaka 1982 Leff na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio dogo. Pamoja na dawa kwa wagonjwa, ndugu zao walipewa elimu kuhusu ugonjwa, wakatembelewa nyumbani, na wakakutanishwa katika kikundi. Kikundini waliwaketisha ndugu wenye lawama nyingi pamoja na ndugu watulivu, ili wabadilishane mbinu. Wagonjwa wa familia zile walizidiwa mara chache kuliko wale wa familia ambazo hazikupata msaada huo. Maana yake ni kwamba utulivu si tunu iliyomwagwa Unguja ikanyimwa London. Unaweza kufundishwa, na mwalimu anaweza kuwa mama mwingine anayeuguza.

Wauguzaji wenyewe walikuwa wamekwisha kulijua hilo. Uingereza, makala ya John Pringle katika gazeti la The Times mwaka 1970, kuhusu skizofrenia katika familia yake, ilizaa chama cha ndugu wa wagonjwa miaka miwili baadaye. Marekani, mama wawili wa Madison, Wisconsin, kila mmoja akiwa na mwana mgonjwa, walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha kitaifa mwaka 1979. Walikuwa wamechoka kulaumiwa, wakatafutana.

Kwetu, umbo la jambo hili lipo tayari. Tunajua upatu, tunajua vikoba: siku ile ile, mahali pale pale, watu wanaoaminiana, na anayekosekana anaulizwa. Kikundi cha wanaouguza kinahitaji hayo, pamoja na kanuni moja, kwamba la humu halitoki. Hapo mtu anaweza kusema kwamba jana alitamani mgonjwa wake asiamke, na jirani yake akasema, "Hata mimi." Hakuna anayehesabu alama. Kesho yake atarudi nyumbani akiwa na utulivu usio wa kuigiza, na pengine na namba ya simu ya mtu wa kumpokea mgonjwa Jumamosi moja.

Najua hatari yake. Neno "kusaidiana" linapendwa na kila asiyetaka kutoa fedha. Kikundi hakitaleta dawa pale zinapokosekana, wala hakitaisogeza Mirembe karibu na familia iliyo mbali na Dodoma. Asitokee mtu wa kusema kwamba, kwa kuwa familia za Kiafrika zinajali, hazihitaji kitu. Hiyo ndiyo sifa iliyo hatari kuliko lawama, kwa sababu mwenye kulaumiwa anaweza kukasirika na kuwatafuta wenzake. Mwenye kusifiwa hulazimika kutabasamu.

Someni vitabu hivi viwili, na mvisome pamoja. Cha Kolker kitawakinga na kishawishi cha kumlaumu mama. Cha Watters kitawakinga na dharau kwa nyumba zetu. Kitabu ninachokisubiri kitaandikwa kwa Kiswahili na mtu anayeuguza, na hakitamsamehe msomaji anayeuliza habari za mgonjwa peke yake.