Dracula, Mumiani na Sura ya Mnyonyaji

Mtu akishuka Posta leo na kutembea katika mitaa ya katikati ya mji, anapita mahali ambapo zamani watu walijipanga kila jioni kukata tiketi za sinema. Majumba ya Empire, Empress, Avalon, Odeon, Cameo na New Chox hayaonyeshi tena filamu. Lakini liko zimwi moja la enzi za filamu zisizo na rangi ambalo halikufa pamoja na majumba hayo. Huyo ni Dracula, wa filamu iliyotolewa na kampuni ya Universal ya Marekani mwaka 1931 chini ya uongozi wa Tod Browning. Zaidi ya miaka 90 imepita, na bado watu wanaitazama. Hapana budi tujiulize sababu.

Jibu rahisi ni kwamba watu hupenda kutishwa. Jibu hilo halitoshi. Bela Lugosi, mwigizaji mzaliwa wa Hungaria, haonyeshi meno marefu hata mara moja. Damu karibu haionekani, na muziki ni kidogo sana. Kwa vitisho, filamu za siku hizi zinaishinda mbali. Kinachodumu ni ukweli uliomo ndani ya hofu hiyo.

Tuichambue hadithi yenyewe. Kwanza, Dracula ni kabaila. Anakaa katika kasri, hafanyi kazi, na wanaomjua vizuri ni wanakijiji wa jirani. Wanamwonya mgeni, naye mgeni hawasikilizi. Pili, anapotaka kuhamia Uingereza haendi na upanga, anakwenda na hati ya pango. Tatu, Renfield, aliyempelekea karatasi hizo, anageuka kibaraka: anakula nzi na buibui huku akiahidiwa makubwa na bwana wake. Nne, mabaharia wa meli iliyombeba wanakufa, lakini yeye anafika London salama na kuketi na waungwana katika jumba la maonyesho. Tano, katika kioo haonekani.

Si ajabu, basi, kwamba mwaka 1867, miaka 30 kabla Bram Stoker hajatoa riwaya ya Dracula, Karl Marx alikwisha kuufananisha mtaji na mnyonya damu: kitu kilichokufa ambacho huishi kwa kunyonya kazi ya walio hai.

Watu wa pwani yetu hawakungoja Hollywood iwafundishe jambo hili. Mumiani hapo awali lilikuwa jina la dawa nyeusi iliyoletwa na wafanyabiashara kutoka ng'ambo. Wakati wa ukoloni likawa jina la watu waliosadikiwa kuwakamata Waafrika usiku na kuwatoa damu. Mara nyingi waliotajwa ni wazimamoto, watumishi wa serikali wenye sare na magari yao mekundu. Uvumi huo haukuwa wa kweli, lakini ulitokana na hali ya kweli: mkoloni alitoza kodi, akachukua jasho la watu, wala hakueleza faida ilikokwenda. Ndiyo maana Azimio la Arusha lilipotaja unyonyaji mwaka 1967, mchukuzi wa Kariakoo hakuhitaji kamusi.

Lakini hapo hapo ndipo penye hatari. Udhaifu mkubwa wa filamu hii ni kwamba inamfanya mnyonyaji kuwa mtu mmoja, mgeni, mwenye lafudhi ya kigeni. Profesa anamchoma kwa mti uliochongwa, na mambo yanaonekana yamekwisha. Utaratibu uliomfungulia mlango, wa hati, wa fedha na wa vibaraka, haukuguswa. Mwenye kufikiri namna hiyo huacha kuchambua mfumo, akaanza kuwinda watu.

Sisi wenyewe tumeyaona. Baada ya Azimio, wako waliodhani kwamba mnyonyaji hutambulika kwa rangi ya ngozi, na macho yakawageukia wenye maduka wenye asili ya Asia katika mitaa hii hii. Mwezi huo huo wa Februari 1967 Mwalimu Nyerere aliandika katika gazeti la The Nationalist kueleza kwamba ujamaa na ubaguzi haviendi pamoja. Na Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, Wilaya ya Chamwino, watumishi watatu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, waliuawa na wanakijiji waliowadhania kuwa wanyonya damu. Walikuwa wamekwenda kuchukua sampuli za udongo. Wafanyakazi waliokuwa katika kazi ya kumsaidia mkulima waliuawa na wakulima. Hayo ndiyo matunda ya picha kali isiyofanyiwa uchambuzi.

Kwa hiyo hatusemi filamu hii itupwe. Vijana waitazame, kisha wajadiliane. Wakifika pale profesa anapofungua kasha la sigara lenye kioo na kuona kila mtu isipokuwa Dracula, wasimamishe filamu na kuulizana maswali. Kwa nini unyonyaji hauonekani usoni mwa mtu? Nani anafanya kazi, nani anakula, na ni hati gani inayomruhusu? Tukishika maswali hayo hatutamwogopa mzimamoto, wala hatutamshuku jirani kwa ngozi yake. Mnyonyaji hatambulikani kwa meno yake. Hutambulikana kwa hesabu.