Kichekesho cha Safina na Mtihani wa Nyumbu

Ni vichache kati ya visa vya Mitume vilivyoufungua mlango wa mzaha kama safari ya Nabii Nuhu. Kisa chenyewe ni kizito: umma umegharikishwa, na mwana wa Nabii ni miongoni mwao. Hata hivyo akili ya msikilizaji haitulii. Hao wanyama walikula nini? Simba alilalaje ubavuni mwa mbuzi? Na kinyesi, je?

Maswali haya si ya leo. At-Tabari, mwanahistoria aliyefariki mwaka 923, amepokea riwaya kwamba kinyesi kilipozidi chomboni, Nuhu alifunuliwa autekenye mkia wa ndovu, wakaanguka nguruwe dume na jike, wakakishughulikia. Panya alipoanza kuguguna mbao, Nuhu akampiga simba baina ya macho, na puani mwake wakachomoka paka wawili. Ibn Kathir aliiona riwaya hii kuwa ngeni mno, wala hapana haja ya kumpinga. Kwa mizani ya fasihi, lakini, imepangika vyema: kila dhiki huzaa dawa yake kutoka mwilini mwa abiria mwingine, na hakiletwi kitu kutoka nje ya chombo.

Anayetaka kukitia kisa hiki katika beti za Kiswahili anayo nyenzo ambayo at-Tabari hakuwa nayo, nayo ni wanyama wa wilaya za Serengeti na Tarime, mkoani Mara. Aghalabu washairi wa visiwani huwatumia wanyama wa bara kama mapambo: simba kwa ushujaa, twiga kwa shingo, ndovu kwa ukubwa (na hapo sharti aitwe ndovu, maana tembo visiwani hunywewa). Wakipandishwa safinani kwa sura hizo hawachekeshi. Kichekesho kimo katika hesabu. Kitabu cha Mwanzo kinaipa safina kimo cha dhiraa 30 na dari tatu. Kwa dhiraa ya sentimita 45, kila dari ni mita nne na nusu. Twiga dume hupita mita tano. Basi alisafiri kwa unyenyekevu. Ndovu mmoja hula yapata kilo 150 kwa siku. Wawili, kwa mwaka mzima wa safari, hupindukia tani 100.

Mgumu kuliko wote ni nyumbu, wala si kwa ulaji bali kwa tabia. Kila mwaka, takriban baina ya Julai na Oktoba, makundi yao huuvuka Mto Mara kaskazini mwa Serengeti. Husongamana ukingoni saa nyingi, kila mmoja akimngoja mwenziwe. Mmoja akijitosa, wote humfuata, hata penye mamba, hata pasipo na pa kutokea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kuwa, kwa wastani, nyumbu 6,250 hufa maji mtoni humo kila mwaka. Mnyama wa namna hii alitakiwa apande yeye na mkewe tu, tena kwa utaratibu! Nani alitangulia? Hapa ndipo mashairi ya kujibizana yanapokifaa kisa kuliko utenzi. Utenzi huyakimbilia masimulizi, haumngojei nyumbu. Malumbano humpa mmoja kazi ya kuuliza, na mwingine taabu ya kutafuta jibu lenye vina.

Wapo wanaohofu kuwa mzaha huu unaugusa utukufu wa Nabii. Anayechekwa ni nyumbu, pamoja na mwanadamu asiyetosheka na jibu, Nuhu hakuguswa. Kasoro ya kuogopwa iko kwingine. Vijiji vya Tarime na Serengeti vinapakana na hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1951, na usiku ndovu huvuka mpaka wakaingia mashambani. Wenye mahindi hukesha na tochi na madebe. Mbele yao swali la ndovu kula nini si fumbo, na jibu lake huhesabiwa kwa ekari. Mshairi wa kisiwani akizichekea tani 100 bila ya kuuliza zililimwa na nani, mwenziwe wa Mugumu anayo haki ya kumjibu kwa ubeti wa mkesha, mtu na debe lake gizani, tena kwa vina vilevile.