Mabanga na kapu moja

Wenzangu, tunapenda kulaumu wanamuziki wetu juu ya kutupa mabanga: wimbo moja, majina ya matajiri mingi. Mimi pia nililaumu. Lakini tuangalie hesabu kwanza.

Kwenye Spotify, makuta ya wasikilizaji inaingia mu kapu moja. Kampuni inabakisha karibu theluthi moja. Ingine inagawanywa kufuatana na mara nyimbo zote zimesikilizwa. Hata ukisikiliza msanii wa Bukavu peke yake mwezi muzima, sehemu kubwa ya malipo yako inaenda kwa mastaa wa dunia. Tangu 2024, wimbo usiofikisha mara 1.000 ndani ya miezi 12 haulipwi kitu.

Mimi nilisoma agronomia. Ni kama kupeleka kahawa kwa koperative: gunia lako likiwa dogo, wanalichukua na kugawia wenye magunia makubwa. Mulimaji gani atakubali?

Ni kweli, mabanga inaharibu wimbo. Ila tajiri analipa leo, mu mkono. Tukitaka wimbo safi, tulipe kiingilio cha konseri. Kuweka wimbo mu statu ya WhatsApp si kumulipa msanii.