Zawadi 25 kwa Mama Nisiyemjua

Kuna aina moja ya maandishi ambayo sote tunasoma kila mwisho wa mwaka na hakuna anayeihakiki: orodha ya zawadi. Unaijua. Zawadi 25 za Krismasi kwa mama. Zawadi 18 kwa mpenzi wa kahawa. Zawadi 40 kwa mtu aliye na kila kitu. Riwaya ikitoka tunaichambua, filamu ikitoka tunabishana mitandaoni hadi usiku wa manane, lakini hizi orodha zinapita hivi hivi, kana kwamba zimejiandika zenyewe. Mimi nataka tuzisome vile tulifundishwa kusoma fasihi shuleni. Nani anasimulia? Wahusika ni kina nani? Na maandishi yenyewe yanataka nini kutoka kwetu?

Tuanze na wahusika. Kama ulisikiliza darasani, unakumbuka kuna mhusika duara, yule anayebadilika na kutushangaza, na kuna mhusika bapa, anayebaki vile vile tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Orodha ya zawadi imejaa wahusika bapa watupu. Mama amechoka. Amechoka kila mwaka, na dawa yake ni mshumaa wa harufu nzuri, mafuta ya kuogea na gauni la kulalia. Baba huchoma nyama na kunywa wiski, basi, hana lingine maishani. Dada ana ngozi inayohitaji kupakwa vitu saba. Ndugu mdogo ni vidole kumi vinavyobonyeza gemu. Halafu kuna yule aliye na kila kitu, ambaye mimi sijawahi kukutana naye katika ukoo wetu mzima, na tuko wengi.

Msimulizi naye huongea kwa uhakika wa ajabu. Ataipenda. Hataamini macho yake. Hatawahi kuivua. Sasa anajuaje? Hajamwona mama yako. Mara nyingi hajakiona hata hicho kitu chenyewe. Amesoma maelezo ya muuzaji, akasoma maoni ya wanunuzi wachache, akayachanganya, akaongeza neno "bora".

Najua kwa sababu nimeifanya hiyo kazi. Kenya ina vijana wengi wanaolipa kodi ya nyumba kwa kuandikia tovuti za ng'ambo, na kwa misimu miwili nilikuwa mmoja wao. Maagizo yalikuwa yanakuja Julai, kwa sababu ukurasa unahitaji muda wa kuonekana na Google kabla watu hawajaanza kutafuta zawadi mnamo Oktoba na Novemba. Zawadi 25, kila moja maneno 60, utangulizi mfupi, na malipo kwa idadi ya maneno. Nairobi ina ile baridi yake ya Julai, mimi nimevaa jaketi ndani ya nyumba, naandika kuhusu buti za theluji kwa shangazi fulani wa Ohio. Nilimwandikia kwa bidii huyo shangazi. Lakini hakuwa mtu. Alikuwa maneno ya utafutaji yaliyovishwa sweta.

Kilichonifunza zaidi kuhusu hii fani ni kazi ya kusasisha. Angalia anwani ya ukurasa kama huo: mara nyingi haina mwaka. Hiyo ni makusudi. Ukurasa unaokaa sehemu moja hukusanya linki kutoka tovuti nyingine, na Google huuzoea. Ukianza ukurasa mpya kila Krismasi, unatupa hiyo mali yote. Kwa hivyo Januari ikifika ukurasa haufutwi. Unaachwa ulale. Mwaka unaofuata mtu anauamsha: anabadilisha tarakimu moja kwenye kichwa, anatoa linki zilizokufa, anaondoa vitu vilivyoisha dukani, anaweka vitu vitatu vipya juu kabisa ili mgeni asishtuke, halafu anaandika kwamba umesasishwa leo. Nilipewa ukurasa ambao aya yake ya kwanza ilisema kwamba mwaka huu tumechagua kwa makini zaidi. Hiyo sentensi ilikuwa na miaka yake kadhaa. Ilikuwa imezeeka ikisema "mwaka huu".

Si kwamba kutumia ukurasa ule ule ni dhambi. Kamusi husasishwa, ratiba za treni husasishwa. Shida ni kwamba kitu kinaondolewa kwenye orodha kwa sababu kimoja tu: hakiuzwi tena. Hakiondolewi kwa sababu kilivunjika baada ya mwezi mmoja, au kwa sababu mtu alikipeleka nyumbani kikakaa juu ya kabati bila kufunguliwa. Msomaji hatajua kilichotoka, wala sababu. Na mimi naona hapo ndipo uaminifu wa orodha hupimwa, kwa kile ilichofuta na maelezo iliyotoa.

Sasa tuje kwa pesa, kwa sababu bila pesa huwezi kuelewa mtindo wa hii fani. Nyingi ya hizi linki ni za komisheni. Amazon ilianza mpango wake wa kuwalipa wenye tovuti mwaka wa 1996, na wengine wengi wakafuata. Ukibonyeza linki ukanunua, mwenye ukurasa anapata asilimia yake. Hilo watu wengi wanajua. Wasilojua wengi ni kwamba kwa Amazon, ukishabonyeza, mwenye ukurasa kwa kawaida hulipwa kwa karibu chochote utakachoweka kwenye kikapu ndani ya saa 24. Yaani unaweza kuingia ukitafuta zawadi ya mama, ukaghairi, ukanunua chakula cha paka, na orodha imefanikiwa. Fikiria hilo kama mhakiki. Ni maandishi yanayomtaja mama kwenye kichwa na kwenye kila aya, lakini kwenye hesabu mama hayumo. Kinachohitajika ni kidole chako tu.

Ndiyo maana pia bei mara nyingi haipo. Amazon hairuhusu washirika wake kuandika bei kwa mkono, kwani bei hubadilika; lazima itoke kwenye mfumo wake yenyewe. Wengi basi wanaweka tu kitufe cha kukwambia uangalie bei. Kwetu hapa hilo ndilo swali la kwanza kabisa. Ni ngapi? Orodha isiyojibu hilo swali inakutaka upende kwanza, halafu ndiyo ushtuke.

Mtu atasema, kwani haya yameanza leo? Hayajaanza leo. Neiman Marcus, duka la Texas, limekuwa likitoa kitabu chake cha Krismasi tangu 1926. Sears walitoa katalogi yao ya Krismasi mwaka wa 1933, na watoto wengi wa Marekani walijifunza kutamani kwa kuipekua. Oprah Winfrey akaja miaka ya 1990 na vitu avipendavyo kwenye kipindi chake. Lakini angalia msimulizi katika kila mfano. Katalogi ya Sears ilikuwa na jina la Sears juu ya jalada. Ulijua unaongea na mwenye duka. Oprah aliweka jina lake na uso wake. Kitu kikiwa kibaya, unajua wa kumlaumu. Orodha ya mtandaoni imechukua bidhaa za mwenye duka na sauti ya rafiki, kisha ikaondoa jina.

Wapo wanaoifanya hii kazi vizuri, na haki lazima itendeke. Wirecutter, iliyoanzishwa 2011 na kununuliwa na New York Times mwaka wa 2016, inaishi kwa komisheni hizo hizo. Lakini katika miongozo yake mingi ya bidhaa inaeleza ilivyovijaribu vitu, na inataja hata vile ilivyovikataa na sababu. Kwa hivyo usiniambie tatizo ni pesa. Mwenye kibanda cha nguo Toi pia anataka kuuza, na bado anaweza kukwambia hiyo rangi haikukai. Google yenyewe, tangu 2021, imekuwa ikisema inataka kurasa zinazoonyesha kwamba mwandishi ametumia anachokisifia. Basi siku hizi utakuta "tumejaribu" kila mahali. Kuongeza hilo neno ni kazi ya sekunde mbili. Kujaribu ni kazi ya wiki.

Kinachonikera zaidi ni pale tunapoiga. Nimesoma orodha za Krismasi zilizoandikiwa Wakenya ambazo mama yake bado ni yule wa Ohio. Mshumaa wa harufu, kwa mtu ambaye mshumaa kwake maana yake stima imepotea. Mashine ya kukaanga bila mafuta, bila neno hata moja kuhusu tokeni. Disemba yetu ina hadithi yake, na ina maelezo mengi ambayo mwandishi wa orodha angeweza kuyatumia. Kuna nauli inayopanda ghafla ukienda ocha. Kuna uzito: hicho kitu kitapanda matatu mara ngapi kabla kifike kwa shosho? Kuna blanketi, kuna leso, kuna unga na sukari na majani chai ambavyo si zawadi kwenye orodha yoyote lakini ndivyo vinavyopokelewa kwa mikono miwili. Kuna wale wanaokutazama mlangoni na hukuwahesabu. Kuna Januari, ambayo haijawahi kukosa kuja.

Na kuna M-Pesa. Tangu 2007 zawadi nyingi za Krismasi hazifungwi kwenye karatasi yoyote. Zinafika kama ujumbe wa simu. Mama mwenyewe atakwambia bila aibu, nitumie tu, nitajinunulia. Huenda hiyo ndiyo zawadi inayopendwa kuliko zote nchini, na haiwezi kuingia kwenye orodha ya zawadi 25, kwa sababu hakuna komisheni ndani yake.

Halafu msimu wenyewe. Nani alisema ni Disemba pekee? Idd husogea mbele kwenye kalenda, siku 10 au 11 mapema kila mwaka, na ukurasa wa zawadi za Idd hauwezi kuamshwa kwa kubadilisha tarakimu. Anayeuandika kwa ajili ya Eastleigh au Mji wa Kale lazima ajue mwezi uko wapi, na kama mwaka huu Idd itaangukia karibu na kufunguliwa kwa shule.

Ukitaka kuona maandishi ya zawadi yaliyofanywa kwa akili, nenda Mombasa, barabara ya Biashara, usimame mbele ya duka la leso. Familia ya Kaderdina Hajee Essak inauza leso mjini humo tangu 1887, zile zenye alama ya Mali ya Abdulla. Leso ina jina lake, ule msemo ulioandikwa juu ya kitambaa, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayenunua leso ya zawadi bila kulisoma jina. Rangi inaweza kuwa nzuri ajabu, lakini jina likiwa la kumpiga mtu kijembe, hiyo si zawadi, ni vita. Kwa hivyo muuzaji anauliza: ni ya nani? Ni ya mama, ya mkwe, ya shoga, ya jirani mliyenuniana? Mkiongea dakika tano, nguo arobaini zinakuwa tatu. Huyo muuzaji anataka pesa yako pia. Tofauti ni kwamba hawezi kuuza kabla hajajua kuna mtu upande wa pili.

Basi hiki ndicho kipimo changu, na unaweza kukitumia mwaka huu. Orodha nzuri inataja bei kwa shilingi na tarehe ambayo bei hiyo iliangaliwa. Inasema wazi mwandishi analipwaje. Inasema ni vitu gani amevishika kwa mkono na vipi amevisoma tu. Inapunguza: vitu 7 vyenye sababu vinashinda 25 vyenye sifa. Na chini kabisa ina mistari michache ya vitu vilivyokuwemo mwaka jana na vikatolewa, na kwa nini. Nikifungua orodha, siku hizi naanza hapo chini. Nikikosa kitu, nafunga.

Na kama wewe ndiye utakayeletewa hiyo kazi Julai ijayo, chukua, kodi hailipwi na msimamo. Lakini muulize mteja maswali mawili kabla ya kuanza: kuna nafasi ya kuandika bei? Kuna nafasi ya kusema tulichokitoa na sababu? Akikataa yote mawili, andika maneno yako 60 mara 25, pokea pesa yako, halafu toa kiasi umtumie mama. Yeye atajua cha kununua.