Mlinzi wa Sehemu ya Pili

Kila mwaka ikifika Aprili 7, siku aliyofariki Steven Kanumba mwaka 2012, makundi ya WhatsApp niliyomo hujaa picha za makava ya DVD. Nyuso nne au tano zimebandikwa juu ya anga la zambarau, mmoja analia, mmoja ameshika bastola, nyuma yao gari na jumba la ghorofa. Chini ya picha watu huandika yale yale: enzi hizo filamu zilikuwa filamu, siku hizi hakuna kitu. Mimi husoma nikanyamaza. Sikubaliani nao. Lakini uvunguni mwa kitanda changu ipo katoni ya diski mia na kitu ambayo nimehama nayo nyumba nne, na deki ya kuzichezea sina.

Kwanza tuseme ukweli kuhusu picha. Haikuwa nzuri. VCD, ambayo ndiyo diski ya kwanza kuingia katika nyumba nyingi za mtaani kwetu, ilipangiwa kanuni zake mwaka 1993 na Philips, Sony, Matsushita na JVC. Ni CD ile ile ya muziki, ila imeshindiliwa picha: nukta 352 kwa upana, 288 kwa kimo. Haikuizidi sana kanda ya VHS, na penye vurugu, iwe mvua au vumbi la farasi, sura za watu zilikatika vipande vya mraba. Wamarekani hawakuijali. Ilishika Hong Kong na China, na kwetu ikaja kwenye mabegi ya wafanyabiashara pamoja na deki za bei poa. Wamarekani wa rika langu wanapotamani zamani hutamani LaserDisc, sahani ya sentimita 30 iliyoanza kuuzwa kwao 1978, au DVD iliyowafikia 1997, na huzungumzia rangi na sauti. Hiyo ni hamu yao. Hakuna mtu aliyekwenda Kariakoo kununua VCD kwa ajili ya rangi.

VCD moja ilibeba dakika 74, na kwangu mimi jambo lenyewe liko hapo. Filamu nyingi ni ndefu kuliko hivyo. Zikaja kwa diski mbili, na katikati ilibidi mtu ainuke.

Kwetu Manzese aliyeinuka ni kaka yangu. Alikuwa na chumba kimoja cha kukodisha diski, na jioni alitandika mikeka akaonyesha kwa kiingilio. Diski ya kwanza ikiisha, aliitoa, akaifuta kwa pindo la shati, akairudisha kwenye mfuko wake, ndipo akaanza kuitafuta ya pili, ambayo sisi sote tuliiona iko mbele yake. Alikuwa anachelewa makusudi. Muda huo ndio watu walionunua maji na karanga, na ndio muda wa ubishi. Stelingi hafi, wengine wanasema. Huyu atakufa, wengine wanajibu, kwa sababu ameshamwambia mkewe kwamba atarudi. Kulikuwa na mama muuza vitumbua ambaye hakuwahi kukosea. Usiku mmoja alisema muuaji ni shemeji, na ilipothibitika tukamuuliza amejuaje. Akasema kamera imemtazama shemeji mara mbili bila shughuli. Nimesoma vitabu kadhaa vya nadharia ya filamu tangu hapo na bado sentensi hiyo ndiyo ninayoitumia zaidi.

Leo filamu haisimami. Ikiisha, nyingine inaanza yenyewe baada ya sekunde chache. Watu wanaoweka makava mtandaoni wanadhani wanakumbuka filamu, lakini wakiulizwa kisa cha yoyote kati ya hizo hukumbuka nani alikuwa ameketi pale, nani alilala, nani alilia na kusingizia moshi. Kumbukumbu yao imekaa kwenye ule mkatizo.

Na sauti. Wenzetu husifia diski kwa kuwa ilileta maelezo ya mtaalamu juu ya filamu. Mwaka 1984 kampuni ya Criterion ilitoa King Kong kwenye LaserDisc, na Ronald Haver akaizungumzia filamu huku ikiendelea, wakaona ni jambo jipya. Dar es Salaam tulikuwa na Derek Gaspar Mukandala, yaani Lufufu, aliyefasiri mamia ya filamu, mwanzo mbele ya watazamaji, kisha kwenye kanda, baadaye diski. Sema "kufasiri", lakini alitia chumvi, alikemea wahusika, aliwapa ndugu na historia. Mwanazuoni wa Kijerumani, Matthias Krings, aliandika makala mwaka 2010 kuhusu kazi hiyo, na kichwa chake kinasema ni kugeuza wali kuwa pilau. Sifa hiyo ni ya haki, ila niongeze tofauti moja. Maelezo ya Haver yaliwekwa kwenye njia yake ya sauti: ukichoka unayazima. Lufufu hazimiki. Ukiinunua filamu yake umemnunua naye, na mara nyingi ndiye uliyemfuata. Wapo waliotazama filamu za Kihindi miaka yote hiyo bila kujua kwamba mazungumzo yalikuwa ya mambo mengine kabisa. Mimi mmojawapo.

Sasa nifike kwenye filamu zetu wenyewe, ambako hamu ya zamani inadanganya zaidi.

DVD ilipoenea, sababu ya kugawa filamu mara mbili iliisha. DVD ya kawaida ina gigabaiti 4.7, filamu ya saa mbili inaingia na kubakiza nafasi. Lakini filamu za Bongo ziliendelea kutoka Sehemu ya Kwanza na Sehemu ya Pili, kila moja na kava lake na bei yake. Kilichokuwa upungufu wa chombo kikageuzwa mbinu ya duka. Na mbinu hiyo ikaingia ndani ya hadithi. Kisa cha saa moja na robo kikavutwa mpaka kitoshe makava mawili. Kilivutwaje? Unajua. Gari linafika nje ya nyumba Mbezi. Honi. Kimya. Honi tena. Mlinzi anatoka, anachungulia, anafungua bawa moja la geti, kisha la pili. Gari linaingia, linaegeshwa, mlango unafunguliwa, kiatu kinashuka, mwenye kiatu anatembea mpaka barazani huku kinanda kikilia. Mlinzi anarudi kufunga geti. Hakuna lililotokea.

Niliwahi kuandika mapitio ya filamu moja ya namna hiyo nikahesabu kwa saa ya mkononi: matukio ya geti na gari yalikula zaidi ya dakika kumi na moja. Nikaandika kwamba mwigizaji bora wa filamu hiyo ni geti. Watu walicheka, mhariri alifurahi, na hukumu ile bado naisimamia. Ilikuwa ni kumwibia mtazamaji muda wake. Na si mtazamaji peke yake aliyeibiwa. Watayarishaji wengi waliuza haki zote kwa msambazaji kwa mkupuo mmoja, wakala fedha, wakabaki hawana hata nakala safi ya kazi yao. Waigizaji tuliowajua kwa majina walipanda daladala na sisi. Stempu za kodi kwenye diski zilipoanza mwaka 2013, wezi wa nakala walikuwa wameshafika kila kona. Anayesema zamani ilikuwa nzuri aseme ilikuwa nzuri kwa nani.

Kaka aliyasoma mapitio yale. Akanipigia simu, hakukasirika, akasema: "Mdogo wangu, mbona yangu hukuihesabu?"

Nilikuwa nimesahau. Kutokana na duka lake alifahamiana na watu wa filamu, na siku moja aliwapelekea diski tupu mahali wanapopigia picha. Aliyepangiwa kuwa mlinzi hakutokea. Wakamvisha sare iliyombana kifuani, wakampa rungu, wakamwambia afungue geti. Alilipwa elfu tano na soda. Filamu ilipotoka aliisimamisha dukani wiki nzima, Sehemu ya Pili peke yake, na watu walikodi bila kujali ya kwanza. Nilicheka kwenye simu, nikamwambia ya kwake ni ya kisanaa. Akafariki mwaka 2014. Kwenye familia yetu hakuna aliyewahi kumpiga video. Picha mgando zipo: ya kitambulisho, ya harusini, moja akiwa amesinzia. Lakini akitembea, akisema neno, yupo pale tu, getini, katika sekunde ambazo kwa kanuni zangu mwenyewe hazina kazi.

Nimeijaribu hoja hii kila upande na haitoki. Siwezi kusema tukio lile ni zuri kwa sababu kaka yangu yumo, huo si uhakiki. Na siwezi kusema ningelikata. Filamu iliyohaririwa vizuri isingekuwa na mlinzi wa kuonekana kwa muda huo, na nyumba zile za Mbezi zisingeonekana, wala barabara ile kabla ya lami, wala nguo zilizoanikwa nyuma ya ukuta ambazo hakuna aliyekumbuka kuziondoa. Uvivu wa hadithi uliacha mlango wazi, vitu vikaingia.

Filamu yenyewe nimeitafuta mtandaoni. Sehemu ya Kwanza ipo, imepandishwa na mtu nisiyemjua, na maoni yaliyo chini yake yanauliza swali moja tangu miaka hiyo: ya pili iko wapi?

Iko kwenye katoni. Ni VCD, nakala ya duka, na juu yake kaka ameandika jina kwa kalamu ya wino, amekandamiza. Wakati ule tulilinda upande wa kung'aa kama yai, tukaupaka dawa ya meno ukichubuka. Hatukujua kwamba kwenye CD taarifa imekaa karibu na uso wa juu, ule wa lebo, chini ya utando mwembamba tu. Kwenye DVD imefichwa katikati ya plastiki mbili, kwenye CD ipo pale pale ulipokandamiza kalamu. Alipoandika jina la filamu ili isipotee, ndipo alipoijeruhi.

Mwezi uliopita nilimpelekea fundi mmoja wa Kariakoo ambaye bado ana deki inayosoma. Ilicheza, ikaganda, ikaruka, ikacheza. Tulipofika nyumbani kwa tajiri, honi ikalia vizuri. Kisha picha ikavunjika: mraba wa kijani, mraba wa kaki ambao nadhani ni bega lake, ukuta, kijani tena. Sauti haikukatika. Komeo likavutwa. Geti likalia. "Karibu, mama," akasema, kwa sauti ya juu kuliko kawaida yake, kama mtu aliyeambiwa kipaza sauti kiko mbali. Gari likaingia. Fundi aliniuliza kama aruke mbele, kwa kuwa hapo hakuna kitu. Nikamwambia aache kwanza, bado hajafunga geti.