Jahazi, Watoto na Chumba cha Kua

Mbele ya Utende, ng'ambo ya ghuba ya Chole, kiko kisiwa cha Juani, na humo yamo magofu ya Kua. Hadithi isimuliwayo juu ya mji huo ni fupi, nayo yatisha. Watu wa Kisimani, mji uliokuwa ncha ya magharibi ya Mafia, waliunda jahazi wakawaalika wa Kua kwenye karamu ya kulishua. Wakawatwaa watoto wa wageni wao, wakawalaza mchangani mahali pa magogo, na jahazi likapita juu yao. Watu wa Kua wakanyamaza miaka kadhaa. Kisha wakawaalika wa Kisimani arusini. Wageni wakaketishwa katika chumba cha chini ya ardhi, wenyeji wakatoka mmoja mmoja, hata akabaki mzee mmoja akiwazungumza. Mlango ukazibwa kwa mawe. Baadaye bahari ikaimeza Kisimani.

Wengi huichukua kuwa hadithi ya malipo, na mwisho wake wawaunga mkono. Walakini mwisho huo ndio udhaifu wake. Bahari ikishatoa hukumu, msikilizaji haulizi tena lililo gumu: katika waliofungiwa chumbani, ni wangapi waliomshika hata mtoto mmoja? Tena Kua yenyewe iliangamizwa mwanzoni mwa karne ya 19 na Wasakalava wa Bukini, watu wasiohusika na ugomvi ule. Ikiwa bahari ilikuwa hukumu juu ya Kisimani, vyombo vya Bukini vilikuwa hukumu juu ya nani?

Jahazi na mtoto: aliyepita chuoni hakosi kumkumbuka Nabii Musa katika Sura ya Al-Kahf, pale jahazi litobolewapo na kijana auawapo, naye Musa asiweze kustahimili. Huko yuko wa kufasiri, ambaye wafasiri humwita Khidhri, na elimu yake amepewa, hakuitunga. Kua hakuna Khidhri. Kila atendaye ajifasiria mwenyewe, wala hasiti.

Asiyejifasiria ni yule mzee, na kwa sababu hiyo yeye ndiye kiini cha kisa. Hana jina. Haielezwi kama alijitoa au alitolewa. Chumbani ni yeye peke yake ajuaye kwamba mlango wajengwa, naye akaa, akiongea na watu ambao pumzi yao na yake itakwisha pamoja. Msimulizi amharakisha msikilizaji kwenda baharini, wala hasemi mzee yule aliwazungumzia nini.